Kwa Nini Watu 384 wa Kijijini si Watu 384

Fungua tasnifu ya afya iliyoandikwa katika vyuo vyetu, nenda moja kwa moja kwenye sura ya mbinu za utafiti, na huenda usisome kurasa nyingi kabla ya kukutana na namba 384. Inaweza kuwa shinikizo la damu wilayani Hai, upungufu wa damu kwa wajawazito wa Rombo au meno ya watoto wa Arumeru. Mada hubadilika, sampuli inabaki 384, au 422 kwa aliyekumbuka kuongeza asilimia 10 ya watakaokataa kuhojiwa. Chini yake imetajwa kanuni ambayo wanafunzi huiita ya "Kish Leslie", kana kwamba ni watu wawili. Ni mtu mmoja, Leslie Kish, mtakwimu mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, na kitabu chake kuhusu sampuli kilitoka 1965.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua 1.96 mara 1.96, zidisha kwa 0.5 na tena kwa 0.5, kisha gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16. Maana yake ni hii: ukiwapata watu 384 kwa kura, mmoja mmoja, kutoka kwenye orodha ya wakazi wote wa wilaya, asilimia utakayoipata haitaachana na ile ya kweli kwa zaidi ya pointi 5, juu au chini, katika tafiti 95 kati ya kila 100 zinazofanywa kwa namna hiyo. Maneno yanayosahaulika katika sentensi hiyo ni "kwa kura, mmoja mmoja".

Vijijini hakuna anayefanya hivyo. Orodha ya wakazi wote haipo mkononi, na hata ingekuwepo, gari halitapanda Mwika kumfuata mtu mmoja kisha lishuke Kahe kumfuata mwingine. Mtafiti huchagua kata, ndani ya kata vijiji, ndani ya kijiji vitongoji, halafu kaya. Njia hiyo ni halali kabisa. Ila watu wa kijiji kimoja hufanana: maji yao yanatoka chanzo kimoja, zahanati yao ni moja, mbu wao ni wale wale. Ukitaka kujua hali ya ndizi za shamba zima, ndizi ishirini za mkungu mmoja zitakupa habari za mkungu huo, na ya ishirini na moja haitakuongezea mengi.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba Kish huyo huyo, ambaye jina lake hubandikwa kwenye 384, ndiye aliyelipa tatizo hili jina na kipimo: athari ya usanifu. Unachukua idadi ya watu unaowahoji katika kila kijiji, unatoa moja, unazidisha kwa namba inayoonyesha jinsi wanakijiji wanavyofanana, kisha unaongeza moja. Namba hiyo ya mfanano huanzia 0, pale kijiji kisipohusika kwa lolote, hadi 1, pale wote wa kijiji kimoja wanapotoa jibu moja. Tuchukue 0.05 kwa mfano. Ukihoji watu 20 kila kijiji, athari ya usanifu ni 1.95. Gawanya kwa hiyo: watu wako 384 sasa wana uzito wa watu 197 tu, na zile pointi 5 za juu na chini zimekuwa 7. Ukihoji 40 kila kijiji, 384 wako wanalingana na watu 130.

Hapo ndipo mtakwimu anapoanza kugombana na bajeti, na kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu tamu ya kazi yake. Ili kurudi kwenye zile pointi 5, mtafiti anayehoji watu 10 kwa kijiji anahitaji watu 557 katika vijiji 56. Akihoji 20, anahitaji 749 katika vijiji 38. Akihoji 40, ni 1,133 katika vijiji 29. Jibu la kitabuni halipo. Kama kinachokula fedha ni dizeli na posho za kulala nje, ni nafuu kuhoji wengi katika vijiji vichache. Kama ni vipimo vya maabara, na kila sampuli ya damu inalipiwa, ni nafuu kutembelea vijiji vingi na kutoboa vidole vichache. Mtakwimu hawezi kukushauri bila kujua bei ya lita ya mafuta na bei ya kipimo, kwa hiyo usishangae akikuuliza habari za gari kabla ya kukuuliza habari za ugonjwa.

Na ile 0.05 inatoka wapi? Inatoka kwenye tafiti zilizotangulia za ugonjwa ule ule na mazingira yanayokaribiana, na hapa jiografia yetu ni ya kuangaliwa mara mbili. Tambarare ya chini ya Moshi, kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, mbu wa malaria wana pa kuzalia. Panda hadi Kibosho au Marangu, baridi inawakata miguu. Mwendo wa chini ya saa moja kwa gari unakutoa kwenye ulimwengu mmoja na kukuingiza kwenye mwingine, kwa hiyo kwa malaria mfanano wa ndani ya kijiji utakuwa mkubwa. Dawa yake ni kugawa vijiji kwa matabaka ya mwinuko kwanza, kisha kupiga kura ndani ya kila tabaka. Kwa floridi, madini ya majini yanayobadilisha rangi ya meno, mfanano ni mkubwa zaidi kwenye miteremko ya Meru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na zipo chemchemi huko zinazokipita mara kadhaa. Watoto arobaini wa shule moja waliokulia kwenye chemchemi moja watakuwa na meno ya rangi ya aina moja. Kitakwimu wanakaribia kuwa mtoto mmoja, na kinachopaswa kuhesabiwa ni vyanzo vya maji.

Nani yuko nyumbani

Baada ya kijiji inakuja kaya, na neno hilo linaonekana jepesi mpaka ufike kwenye boma la Wamasai Longido au Simanjiro. Tafsiri ya kawaida ya kaya ni watu wanaokula pamoja chini ya mkuu mmoja. Kwenye boma kila mke ana nyumba yake, jiko lake na watoto wake, na mume ni wa nyumba zote. Boma ni kaya moja au nne? Ukisema moja, utahoji mama mmoja na kuwaacha watatu. Ukisema nne, baba anaweza kuhesabiwa mara nne. Jibu lolote linakubalika mradi liwe moja kwa wadadisi wote, liandikwe kabla ya kwenda uwandani, na mtakwimu alijue anapoweka uzito kwenye majibu. Kinachoharibu ni timu mbili kuamua tofauti chini ya miti miwili.

Kalenda nayo huchagua sampuli bila kuomba ruhusa. Siku ya soko wanawake wengi hawapo nyumbani, na waliopo ni wagonjwa, wazee na waliojifungua karibuni. Kiangazi vijana wa Kimasai wako na ng'ombe mbali. Na asijaribu mtu kupima chochote Rombo au Machame wiki ya mwisho ya Desemba: mlima mzima umejaa watoto wake waliotoka Dar es Salaam na kwingineko, pamoja na uzito wao, sukari yao na shinikizo lao la mjini.

Vipimo vinavyodanganya kwa upole

Umri ndio data inayoombwa mara nyingi zaidi na kuaminika mara chache zaidi kwa wazee. Chora grafu ya umri wa watu waliojikadiria na utaona milima kwenye 40, 50 na 60, na mabonde kwenye 41 na 59. Njia ya zamani bado ni nzuri: kalenda ya matukio. Alizaliwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baada yake? Alikuwa ameanza shule wakati wa Azimio la Arusha, 1967? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimkuta ameoa? Mvua za El Niño za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, vyote ni vigingi vya kufungia kumbukumbu. Kwa mzee wa Kimasai, rika lake, awe Seuri, Makaa au Landisi, litakueleza umri wake kwa uaminifu kuliko mwaka anaoutaja kumridhisha mgeni. Mtakwimu atakachokuomba ni safu moja ya ziada kwenye dodoso: umri huu umetoka kwenye kitambulisho, kadi ya kliniki, au makadirio? Safu hiyo haina gharama, na huokoa uchambuzi mzima.

Mashine ya kupimia shinikizo la damu kwa mkono ina mlima wake pia. Ukiona 120, 130 na 140 zimejaa na 127 haionekani popote, ujue namba zimezungushwa kwa macho ya mpimaji. Kwa anayetibu mgonjwa mmoja si neno. Kwa utafiti ambao kizingiti chake ni 140, tabia ya kupenda sifuri inaamua nani ni mgonjwa.

Wingi wa damu una jambo lake la hapa kwetu. Mwili ulioko juu mlimani, ambako hewa ni nyepesi, hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hutaka kizingiti cha upungufu wa damu kirekebishwe kwa mwinuko. Mjamzito wa Kibosho aliyepita kidogo kizingiti cha gramu 11 za hemoglobini kwa desilita anaweza kuonekana yuko salama, na baada ya marekebisho akaingia kwenye kundi la wenye upungufu. Asiyerekodi mwinuko wa kijiji hawezi kufanya marekebisho hayo, kisha ataandika kwamba wanawake wa juu wana damu nyingi kuliko wa tambarare, na kutafuta sababu kwenye chakula.

Halafu kuna saa. Muulize mgonjwa wa kifua kikuu amemeza dawa saa ngapi, atakujibu saa mbili. Mdadisi mmoja anaandika 02:00 kama alivyosikia, wa pili anageuza kichwani na kuandika 08:00, wa tatu anaandika 20:00 kwa sababu anajua mgonjwa alimaanisha usiku. Kama wote wangekosea kwa namna moja, mtakwimu angesogeza saa sita na kumaliza. Wakichanganyika hakuna wa kuwatenganisha. Kwa utafiti wa sukari, ambao unategemea mtu amekaa saa ngapi bila kula, data hizo ni za kutupa. Fomu iliyofikiriwa vizuri huuliza kwanza sehemu ya siku, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndipo iulize saa ya Kiswahili, na programu ifanye ubadilishaji yenyewe.

Kutoka kishikwambi hadi jedwali

Kwenye sensa ya 2022 nchi nzima ilihesabiwa kwa vishikwambi, na watafiti wengi wamekwisha kuacha karatasi. Zana zenyewe ni za bure au karibu na bure: ODK, KoboToolbox, REDCap iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004. Zote zinaweza kujazwa bila mtandao na kutuma data mdadisi akifika penye minara. Faida kubwa ni kukataa upuuzi hapo hapo: mwanaume hawezi kujaza sehemu ya ujauzito, mtoto wa kilo 3 hawezi kuwa na miaka 7. Lakini fomu hukataa tu kile ulichoiambia ikatae, na masharti hayo yanahitaji mtu aliyekaa akafikiria yale yanayowezekana mwilini na yasiyowezekana.

Kila mtu apewe namba yake ya utafiti, na majina yakae kwenye faili jingine lenye kufuli. Upareni na Uchagani majina ya ukoo yanajirudia kiasi kwamba kuunganisha ziara ya kwanza na ya pili kwa jina ni kucheza kamari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inabana, na taarifa za afya zimo kwenye zile nyeti. Kuondoa majina peke yake hakutoshi. Katika kitongoji cha kaya sitini, "mama wa miaka 34 mwenye mapacha, anatumia dawa za kufubaza virusi" ni jina kamili. Alama za ramani za nyumba ni vivyo hivyo: kabla ya faili kutoka nje ya timu, zisogezwe au zibaki kwenye ngazi ya kata.

Uchambuzi wenyewe, ambao wengi hudhani ndiyo kazi yote, nitaupita haraka. Programu ya R ni ya bure, Stata hulipiwa, SPSS inajulikana vyuoni, na zote zitatoa majibu. Mawili tu ya kuangalia. Kwanza, programu haijui kwamba watu wako walitoka vijiji 29, ni lazima uiambie, la sivyo itakupa uhakika usio wako na thamani ya p, ile namba ambayo ikiwa ndogo watafiti husema matokeo si ya bahati tu, ndogo ya kujivunia bure. Pili ni uwiano wa odi. Odi ni idadi ya waliougua ikigawanywa kwa ya wasiougua, na uwiano wake hulinganisha odi za makundi mawili. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, 60 kati ya kila 100 wasio na chandarua waliugua, na 40 kati ya kila 100 wenye nacho. Hatari imezidi mara 1.5. Uwiano wa odi wa watu hao hao ni 2.25. Taarifa ya habari itasema "zaidi ya mara mbili", na itakuwa imekosea kwa sababu ugonjwa huo ni wa kawaida. Odi hukaribiana na hatari pale tu jambo linapokuwa adimu.

Mashine inayojifunza, na inachojifunza

Sasa kila andiko la utafiti linataka sayansi ya data. Arusha ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, na vijana wanaotoka huko wanajua kufundisha kompyuta kutambua mifumo kwenye data. Ni ujuzi wa kweli. Swali la kuuliza ni data hizo zilizaliwa wapi.

KCMC, iliyofunguliwa 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda. Anayefika pale amepita zahanati, amepita kituo cha afya, ana nauli au ana ndugu mwenye nauli. Joseph Berkson alionyesha mwaka 1946 kwamba magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa yanaweza kuonekana ndugu ukiwatazama waliolazwa hospitalini peke yao, kwa kuwa mwenye yote mawili ana njia mbili za kuingia wodini. Mashine iliyofunzwa kwa mafaili ya wodi itajifunza uhusiano huo wa uongo kwa bidii, na ikipelekwa kwenye zahanati ya Same itamtisha mama asiye na tatizo.

Data za MTUHA, yaani taarifa za kawaida za vituo vya afya, zinazoingia kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ziko karibu zaidi na kijiji na ni hazina, ila zinasomwa kwa uangalifu. Malaria ikishuka ghafla mwezi mmoja, uliza kwanza kama vipimo viliisha, kama zahanati zote zilituma ripoti, kama barabara ilikatika kwa mvua. Na kuna wale wasiofika popote. Ndiyo maana mradi wa AMMP, ulioanza 1992 katika Hai, Morogoro Vijijini na sehemu za Dar es Salaam, ulikuwa wa thamani kubwa: wadadisi walipita kaya kwa kaya kuhesabu watu, na kifo kikitokea ndugu waliulizwa dalili za marehemu ili sababu ikadiriwe. Vifo vya nyumbani vikaingia kwenye hesabu. Hakuna programu inayoweza kuvibuni vifo hivyo kutoka kwenye rejesta ambayo havikuandikwa.

Nani analipa, na lini

Ronald Fisher aliwaambia watakwimu wenzake India mwaka 1938 kwamba kumwendea mtakwimu jaribio likiwa limekwisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti: labda ataweza kusema jaribio lilikufa kwa ugonjwa gani. Karibu miaka tisini baadaye bado faili huletwa na diski mkononi, wiki moja kabla ya kuwasilisha, na ombi ni "nifanyie data analysis". Sitawalaumu wanafunzi peke yao. Mtakwimu ni adimu, yule mmoja wa idara anafundisha darasa la watu wengi, na bajeti ya shahada haina kifungu chake.

Kwa mradi wenye ufadhili hakuna kisingizio. Muda wa mtakwimu uandikwe kwenye andiko kabla halijapelekwa kuombewa kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kuwa kamati itauliza sampuli ilikokotolewa vipi, na kubadilisha sampuli baada ya kibali ni kuanza foleni upya. Aliyebuni sampuli na kuandika mpango wa uchambuzi amechangia akili. Akishiriki pia kuandika na kupitia makala ana haki ya kuwa miongoni mwa waandishi, na jambo hilo lizungumzwe siku ya kwanza, likiwa bado halina uchungu. Aliyekusaidia saa moja kurekebisha jedwali anatosheka na shukrani.

Katika bajeti hiyo hiyo weka siku chache za kumpeleka uwandani wakati wa majaribio ya dodoso. Mtakwimu aliyekaa nyuma ya mdadisi pale Kahe, akasikia bibi akijibu "saa mbili" na kuona boma lenye nyumba nne, atarudi Moshi na kubadilisha maswali sita kabla ya chai.